Bahari Inapanda, Mikoko Itahamia Wapi?

Maelezo haya yalitolewa na afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wakazi wa vijiji vya pwani ya Kwale. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale waliokuwa baharini siku hiyo.

Najua maji yanakupwa mapema leo, na wengi wenu mngependa kuwa mwambani kuliko kunisikiliza mimi.

Nilialikwa nizungumzie upandaji wa miche. Nitafika huko, lakini naomba ruhusa nianze nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wa ofisi ya habari tumekuwa tukilieleza nusu. Tumewaambia miaka yote kwamba mikoko inatukinga na bahari. Ni kweli. Hatujawaambia mikoko yenyewe hufanya nini bahari inapopanda, wala kama inaweza kushindwa. Inaweza, na sehemu ya sababu iko huku nchi kavu, kwetu.

Tuanze na mnachokijua. Ukitoka mbele ya ghuba ya Gazi maji yakiwa yamekupwa, ukatembea kuelekea kijijini, unapita miti kwa zamu. Mbele, panapofikiwa na maji kila siku, kuna mlilana. Nyuma yake unakuta mkoko wenyewe, ule wa mizizi mirefu iliyopinda. Kisha muia na mkandaa. Nyuma kabisa, ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu, unakuta mchu mfupi mfupi, halafu uwanda mweupe wa chumvi, halafu minazi. (Mchu ni mkaidi, utaukuta mbele pia, mrefu na mnene.)

Hakuna aliyeipanga miti hiyo. Kila mmoja umekaa pale unapovumilia saa za kuzamishwa. Ile mizizi ya mchu inayochomoza kutoka kwenye tope kama vidole, na ile ya mkoko inayoning'inia, ndiyo pua za mti. Maji yakitoka, mti unavuta hewa. Mizizi ikikaa chini ya maji kupita kiasi chake, mti unakosa hewa, unapukutika majani, na baada ya miaka kadhaa unakufa pasipo mtu kuugusa kwa shoka. Kwa hivyo mikoko yote inaishi katika ukanda mwembamba, kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi pale bamvua kubwa hugota. Bahari ikipanda, ukanda huo nao unapanda. Lakini mti hauna miguu. Msitu unafanya nini?

Kwanza, unajiinua. Maji yanapoingia msituni, mizizi inayapunguza kasi na tope linatua. Hilo wengi wenu mmeliona. Msiloliona liko chini: mizizi midogo midogo inakua kila mwaka, mingine inafa, na kwa kuwa humo chini hakuna hewa, haiozi haraka. Inabaki, mwingine unakuja juu yake, na udongo unavimba kutoka ndani kama godoro linaloongezwa usumba. Huko Belize, Amerika ya Kati, kuna visiwa vidogo vinavyoitwa Twin Cays ambavyo havina mto wa kuviletea tope. Wanasayansi walipochimba chini ya mikoko yake walikuta mabaki ya mizizi yaliyorundikana kwa unene wa karibu mita 10, kazi ya takriban miaka 8,000. Msitu ule ulikuwa ukipanda juu ya mizizi yake wenyewe huku bahari ikipanda nayo.

Pili, unahama. Zile mbegu ndefu za mkoko huelea, husukumwa na maji hadi nyuma, na pakianza kufikiwa na bahari palipokuwa pakavu, hapo zinashika. Miti ya mbele inakufa, ya nyuma inaota. Mtu mmoja mmoja hawezi kuona safari hiyo katika maisha yake, ila akihadithiwa na babu yake. Tope lenyewe linaikumbuka. Mtafiti Paramita Punwong na wenzake walichimba tope la mikoko Unguja na katika delta ya Rufiji, wakatazama chavua, ule unga wa maua, iliyonaswa katika kila tabaka. Kwa chavua unajua ni mti gani ulikuwa pale wakati gani. Wakaona kwamba katika maelfu ya miaka iliyopita msitu ulisogea kuelekea bara na kurudi kuelekea bahari, kadiri maji yalivyobadilika.

Kwa hivyo mtu anaweza kusema: mbona basi tuna wasiwasi? Mikoko imeona mengi kuliko sisi. Ni swali zuri, na jibu lake limo katika kasi.

Miaka kama 20,000 iliyopita, sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda kuwa barafu, na bahari ilikuwa chini ya hapa ilipo leo kwa mita 120 hivi. Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Pemba haikuwa, kwa sababu mkondo wake ni wa kina kirefu mno. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, kuna vipindi ilipanda zaidi ya milimita 10 kwa mwaka, mpaka ikatulia miaka 7,000 hivi iliyopita. Mwaka 2020 Neil Saintilan na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza tope la kale kutoka sehemu 78 duniani. Walitaka kujua mikoko ilianza lini kujijengea udongo na kubaki mahali pamoja. Jibu: bahari ilipokuwa ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, uwezekano ulikuwa zaidi ya asilimia 90 kwamba mikoko haikuweza kujiinua sawasawa nayo. Ilizama, au ilikimbilia nyuma. Ilipopunguza kasi ndipo misitu mikubwa ikajengeka.

Sasa tulinganishe na leo. Kwa hesabu za jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, kati ya 1901 na 1971 bahari ilipanda kwa wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7. Inapanda kwa sababu maji yakipata joto yanatanuka, na kwa sababu barafu ya milimani na ya ncha za dunia inayeyuka. Milimita 3.7 ni kama punje mbili za mchele zilizolazwa moja juu ya nyingine. Utasema ni kidogo. Utafiti mwingine wa Saintilan na wenzake, wa 2023, ulionyesha kwamba mikoko huanza kuachwa nyuma bahari inapofika milimita 4 kwa mwaka, na kwa milimita 7 karibu hakuna shaka. Kwa kasi hiyo ya 2006 hadi 2018 hatukuwa tumevuka mstari. Tulikuwa tumeusogelea.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu ninachosema sasa kilipimwa Gazi, kwenye tope letu.

Joseph Lang'at na James Kairo, wa taasisi ya utafiti wa bahari KMFRI, pamoja na wenzao wa nje, walichagua vipande kumi vidogo vya msitu wa mkoko hapo Gazi. Vipande vitano waliviacha. Vitano vingine walikwangua gome kuzunguka mashina ili miti ife, kisha wakaikata. Wakapima uso wa ardhi unapanda au unashuka. Matokeo yalichapishwa 2014. Pale msitu ulipoachwa, ardhi ilipanda kwa wastani wa milimita 4.2 kwa mwaka. Pale ulipokatwa, ilishuka kwa wastani wa milimita 32 kwa mwaka.

Narudia. Ilishuka sentimita 3 na zaidi kwa mwaka. Bahari kwa kasi ile ya milimita 3.7 ingehitaji karibu miaka 9 kupanda kiasi hicho. Sisemi ardhi ingeendelea kushuka hivyo milele. Ni kasi ya kipindi walichopima. Lakini sababu yake inaeleweka: mizizi iliyokuwa imelishikilia lile godoro imekufa, imeoza, na godoro limebonyea. Na vile vilikuwa vipande vidogo, siyo ekari kwa ekari.

Kwa hivyo msitu uliosimama Gazi ulikuwa unakwenda sambamba na bahari, hata kuizidi kidogo. Kipande kilichofyekwa kilikuwa kinazama. Bahari ni ile ile, ghuba ni ile ile.

Silaumu mkata boriti. Nyumba nyingi za hapa, na za Lamu, na hata za Uarabuni zamani, zimesimama kwa boriti na pau za mikoko yetu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali mwaka 1982. Mtu anayechagua mti mmoja hapa na mwingine kule, kwa kibali, anaacha mizizi ya jirani ikifanya kazi. Tatizo ni kufyeka mahali pakabaki uwazi. Wazee mnakumbuka jinsi mikoko ya Gazi ilivyokatwa kwa wingi miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani. Kuna sehemu zilikaa tupu hadi upandaji ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa nini hazikuota zenyewe muda wote huo? Ukishalijua jambo la godoro, huna haja ya kutafuta jini.

Kuhusu tope, nitasema machache. Mikoko inahitaji tope la mito, Mkurumuji na Kidogoweni kwa upande wa Gazi, lakini kwa kiasi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno kutoka milimani hadi mkono wa bahari wa Mwache, ukafunika mizizi, na mikoko mingi ikafa kwa kukosa hewa. Tope kidogo mno nalo ni shida, na mabwawa huzuia tope. Hapo kuna mvutano, na sitajifanya haupo, kwa sababu maji ya kunywa tunayataka pia. Ninachoomba ni kwamba tunapojadili bwawa au uchimbaji wa mchanga mtoni, mtu mmoja mezani aulize: na kule chini, mikoko itapata nini?

Na msidhani bahari ikishuka ndiyo nafuu. Kaskazini mwa Australia, mwishoni mwa 2015 na mwanzo wa 2016, El Niño ilishusha bahari kwa muda katika ghuba ya Carpentaria wakati wa ukame na joto. Hekta zipatazo 7,400 za mikoko zikakauka, nyingi katika miezi michache tu. Mti uliozoea saa fulani za maji unataka saa zile zile.

Sasa tuje kwenye upandaji, nilioahidi, na hapa nitajisema mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliandika habari ya siku ya kupanda miche. Picha zilikuwa nzuri: watoto wa shule, wageni, matope hadi magotini. Niliandika idadi ya miche kwa herufi kubwa. Baadaye nilirudi pale pale kwa kazi nyingine, nikakuta vijiti. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta kaa aliniambia kwa upole kwamba pale hapajawahi kuota mkoko tangu azaliwe. Maji hayatoki vya kutosha. Tulikuwa tumechagua uwanda wa mbele kwa sababu ulikuwa wazi na gari linafika karibu. Bahari inausukuma msitu nyuma, sisi tukawa tunaupeleka mbele. Sikuandika habari ya pili. Nilipaswa kuiandika, na leo mnaihesabu kuwa nimeiandika.

Basi msitu ukitaka kurudi nyuma, nyuma kuna nini?

Chukueni mfano wa hesabu. Mahali ambapo ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 200 unazotembea kutoka majini, bahari ikipanda sentimita 20, mstari wa bamvua unaingia ndani mita 40. Bahari za dunia zilikwisha kupanda kiasi hicho kati ya 1901 na 2018. Sasa simama nyuma ya mikoko ya kijiji chako uhesabu hatua 40 kuelekea bara. Unakuta nini? Mahali pengine ni ule uwanda wa chumvi, na hapo msitu una pa kwenda. Mahali pengine ni ukuta wa mawe, barabara, uzio, au vigingi vya mpimaji.

Ule uwanda ndio unaonisumbua. Watu wanauita ardhi tupu. Haulimiki, haumei kitu, ng'ombe hali hapo. Kwa hivyo ndiyo sehemu ya kwanza kuuzwa, kwa bei ya chini, kwa mtu atakayemwaga kifusi na kujenga ukuta upande wa bahari. Mbele ya ukuta huo mikoko ya nyuma itaendelea kuonekana mizuri kwa miaka mingi. Kisha maji yatapanda juu ya mizizi yake, mbegu zitaelea mpaka ukutani, zitagonga jiwe, na kurudi na maji.

Sheria zetu hazikuandikwa kwa kufikiria msitu unaotembea. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na mipaka ya msitu ikiwa kwenye ramani hukaa pale ilipochorwa. Katiba, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Vizuri. Lakini ardhi iliyo hatua 40 nyuma ya mstari huo leo ni ya mtu, au ya jamii, au ya familia iliyorithi bila hati. Kesho maji yakifika hapo, nani atakuwa ameshajenga? Misitu iko chini ya KFS, mazingira NEMA, lakini mipango ya matumizi ya ardhi ni kazi ya kaunti. Hiyo ni sisi. Ramani ya matumizi ya ardhi isipouachia msitu nafasi nyuma yake, hakuna ofisi nyingine itakayokuja kuuachia.

Kuna na pesa, tusizungukezunguke. Mikoko Pamoja, iliyoanza 2013 kwa hekta 117 za Gazi na Makongeni, na Vanga Blue Forest iliyofuata na hekta zake 460, zinauza hewa ya ukaa iliyofungiwa kwenye mikoko hii. Mnajua wenyewe fedha hizo zimeleta nini katika maji na shule. Mnunuzi analipia miti iliyosimama na udongo usiobonyea. Hekta zikiliwa mbele, na nyuma pamefungwa, hakuna cha kuuza. Kijana aliyeketi hapo nyuma na simu yake, hilo ni lako zaidi kuliko langu.

Ombi langu kwenu ni dogo na la kazi. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Siku hiyo, maji yakigota, nendeni nyuma ya mikoko ya kijiji chenu na mzee mmoja na kijana mmoja. Mzee aonyeshe maji yalikuwa yanafika wapi alipokuwa mdogo: mnazi gani, kisima gani, kaburi gani. Kijana achome kijiti pale yanapofika sasa, apige picha. Mwaka unaofuata mrudi pale pale. Kikao cha kupanga matumizi ya ardhi kikiitishwa katika wadi yenu, mje na hizo picha, kwa sababu mchoraji ramani aliyekaa ofisini hana mzee wa kumwonyesha mnazi.

Na mtu akija kununua uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, kabla hamjapokea arubuni, ulizeni ofisi ya ardhi mpaka wa msitu uko wapi, ulizeni NEMA kama ana kibali, na ulizeni anataka kujenga nini upande wa maji. Jibu la swali la tatu ndilo litakalowaambia mengi.

Maji yameshaanza kukupwa, naona wavuvi wanatazamana. Tuchukue maswali, tukianza na mzee aliyeinua bakora pale.